Nukta Iliyohama

Umeme ulikatika saa moja jioni, Katuba yote,
na kwa mara ya kwanza mwaka huu hakuna aliyetukana.
Hapa kwetu, nasema. Kwa jirani walitukana kama kawaida.
Baba alisema, "Afadhali,"
akaenda kuvuta sanduku chini ya kitanda.

Theodoliti ya kampuni. Aliambiwa airudishe
mwaka ule walipofunga ofisi ya upimaji;
alipofika nayo, hakukuwa na mtu wa kuipokea.
Miaka ishirini imelala na vidonge vya nondo
na karatasi za mishahara ambayo haikulipwa.

Tuliisimamisha uani, kati ya choo na kamba ya nguo,
miguu mitatu juu ya vipande vya tofali.
Baridi ya Juni inauma masikio.
Redio ilisema: jiwe, ukubwa wa uwanja wa mpira,
litapita kati yetu na mwezi, usiku huu.
Baba haamini redio. Anaamini digrii.

"Kioo hiki kinapindua," aliniambia. "Juu ni chini.
Usishangae."
Nilipiga magoti, nikaweka jicho.
Nge, kichwa chini, mkia juu,
nyota zinatetemeka kama zenyewe ndizo zenye baridi.
Jiwe hakuna. Chenga za mwanga tu, zote zimetulia.

Ndipo akanifundisha anachokijua:
jiwe halionekani, kuhama ndiko kunakoonekana.
Chora nukta zote. Ngoja. Chora tena.
Itakayokuwa imetoka mahali pake ndiyo hiyo.

Saa mbili na dakika kumi na nne: nukta kumi na moja.

Mama Umba akaja na koroboi kuomba chumvi,
akaambiwa aizime.
"Mnatafuta nini huko?"
"Jiwe."
Akacheka hadi akakaa chini.
Lubumbashi hii, mtu atafute jiwe juu!
"Lina nini ndani?"
Pengine chuma, Baba alisema. Nikeli. Kobalti kidogo.
Akaacha kucheka.
"Na ni la nani?"

Kila jiwe ninalolijua lina mwenyewe:
lina mzani uliochezewa, kibali, muhuri,
lina lori la usiku linaloelekea Kasumbalesa,
lina mtoto aliyelisafisha mtoni, maji hadi kiunoni.
Nyuma ya mapaa mlima mweusi wa mabaki uliziba nyota,
na hata uchafu ule ulikuja kupatiwa bei.

"Si la mtu," Baba akasema.

Mama Umba akavuta kitenge mabegani.
"Basi ndiyo maana halishuki."

Saa mbili na dakika ishirini na tisa. Nukta kumi na moja tena,
mkono wa Baba unatetemeka, kalamu inatoboa karatasi.
Tulilinganisha kwa taa ya simu iliyozibwa na kidole,
mwanga mwekundu wa damu yangu mwenyewe.
Kumi hazikusogea.
Moja imehama, upana wa punje ya mchele.

Sikupiga kelele. Nilimwaza Numbi, ndugu yangu,
saa ile yuko shimoni upande wa Ruashi, mita thelathini,
tochi kipajini, anagonga jiwe lenye bei
na sikio moja amelitega juu.
Yeye anajua somo hili bila kioo:
jiwe likitulia, kazi. Likihama, kimbia.

Mara umeme ukarudi. Mtaa mzima ukapiga yowe,
watoto, mbwa, mashine ya kusagia,
na anga ikafutika kama ubao.
Baba alibaki ameinama kwenye kioo, haoni kitu,
akisoma pembe kwa sauti
kwa msaidizi aliyekufa zamani.
Niliziandika.

Numbi alirudi alfajiri, kope nzito kwa vumbi.
"Lilipita?"
"Lilipita."
Nikamfungulia daftari. Akaweka kidole gumba,
"Hapa?" akauliza, akakiondoa,
na kwenye karatasi likabaki doa la udongo
kubwa kuliko nyota zote tulizochora.

Baba akatazama saa yake,
akaandika pembeni ya doa:
kumi na moja na nusu.